Mwali Mwenye Mvi

Dada yangu Hafidha aliolewa mara moja tu, na ndoa ile haikufika hata msimu wa mafenesi. Alirudi nyumbani mchana kweupe, godoro lake kichwani, akalitua uani, akamsalimia mama yake, akachukua jembe akaelekea shambani. Mama alipomuuliza mume amemfanya nini, alijibu bila kugeuka, "Hajanifanya kitu. Ni mtu mwema. Mtafutieni mwanamke anayemtaka."

Kwetu huku Uluguru hilo halikuwa jambo la kumfukuzisha mtu. Shamba na nyumba ni vya upande wa mama, vya ukoo, tunaouita lukolo; kwa kawaida mwanamume ndiye anayekuja na ndiye anayeondoka, na mwanamke aliyemfuata mume kwake, kama Hafidha, ana pa kurudi. Basi Hafidha akapewa kipande chake kando ya kijito, akapanda migomba, magimbi na mdalasini, akajenga nyumba ya vyumba viwili. Walimsema mpaka wakachoka, naye akawa anawasalimia wote kwa sauti kubwa kuliko zamani.

Namwita dada ingawa waliozaliwa tumbo moja ni mama zetu. Mtoto wa mama mkubwa ni dada, basi. Mimi naitwa Mwanahawa. Nyumba yangu inatazamana na yake, uwanja ni mmoja, kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyaokota kisimani.

Kila Jumanne Hafidha alikuwa akiteremka Morogoro mjini kuuza ndizi na mdalasini kule Mafiga. Huko ndiko alikokutana na Elizabeth, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Njombe, mpole, mwenye miwani na mvi zilizomwahi. Mwalimu alinunua mdalasini wa kutosha kupikia chai kijiji kizima, na wiki iliyofuata akarudi kununua mwingine. Hakuna binadamu anayemaliza mdalasini namna ile. Haukupita muda akawa anapanda kwetu kila Ijumaa jioni, bodaboda mpaka barabara inapoishia, halafu kwa miguu, na Jumapili anateremka. Watu walisema ni rafiki wa Hafidha. Mimi nilijua. Nilijua siku ya kwanza nilipomwona Hafidha akimmenyea chungwa, yeye ambaye tangu tuko watoto hajawahi kummenyea mtu chungwa. Lipo neno ambalo watu hulitumia kwa wanawake wa namna hiyo. Mnalijua nami nalijua, na silitumii, kwa sababu lilitungwa na watukanaji.

Ikaja korona. Serikali haikutufungia majumbani kama tulivyokuwa tukisikia kwa mataifa mengine. Misikiti na makanisa yalikuwa wazi, masoko wazi. Lakini shule zilifungwa, ngoma na sherehe zikapigwa marufuku, na watu wakajifungia wenyewe kwa hofu. Mwalimu Elizabeth alikuwa amepanga chumba Mafiga, nyumba ya wapangaji wengi wenye uwanja mmoja. Zamani kila mtu alikuwa akiondoka asubuhi na kurudi jioni amechoka. Sasa wote walikaa vibarazani kutwa nzima, hawana kazi ila kutazamana. Wakaanza kumtazama yeye. Mbona hana mume, mbona hana mtoto, na yule mwanamke wa ndizi akija analala wapi? Asubuhi moja alifungua mlango akakuta neno lile lile nisilolitaja limeandikwa kwa mkaa kwenye mbao, herufi kubwa. Alilifuta kwa maji na majivu, akapakia begi moja, akapanda mlimani.

Aliyefika kwetu hakuwa Elizabeth tuliyemjua. Halali, hali. Mlango ukigongwa, anaruka. Hafidha alimpikia magimbi kwa nazi, chakula ambacho Elizabeth alikuwa akikisifu, naye akakisogeza pembeni kama mtoto mgonjwa. Wenzao wachache wa mjini, watu wa aina yao, walizoea kukusanyika Jumapili mchana kwenye saluni ya kijana mmoja anayeitwa Dennis, kucheka tu na kuongea bila kuangalia nyuma. Sasa saluni ilikuwa imefungwa na Dennis amerudi kwa baba yake Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga. Kilichokuwa kikiwapa pumzi watu wale ni ule mchana mmoja wa Jumapili, na hakuna mgao wowote wa barakoa ambao ungewarudishia mchana ule.

Siku ya pili Elizabeth alipokuwa anateka maji kijitoni, mjomba wetu Hatibu akapita. Mjomba Hatibu ndiye mwanamume mkubwa wa ukoo, ndiye anayeshika mambo ya ardhi yetu, na tena alikuwa mjumbe wa kijiji. Elizabeth alitua ndoo, akapiga goti kidogo kwa adabu zake za Njombe, akasema, "Shikamoo, baba."

Mjomba akatazama kijito, akapita.

Nilikuwa naanika mihogo, niliona kwa macho yangu. Mtu akikutukana unaweza kumrudishia. Lakini mzee asipoitikia shikamoo yako, amekwambia hujazaliwa. Elizabeth alibaki ameinama pale pale mpaka Hafidha alipokuja kumshika mkono, na siku ile hakula kabisa.

Kumbe huo ulikuwa mwanzo. Jumatano mjomba akaja uwanjani kwetu, barakoa ya kitenge imening'inia kidevuni, akasimama katikati kama anayesubiri kuletewa kiti. Hatukumletea.

"Mgeni wa mjini atatumalizia watu kwa ugonjwa," alisema. "Ijumaa nikitoka msikitini nisimkute."

"Shikamoo, Mjomba," Hafidha akasema. "Nani anaumwa?"

"Usinichezee, Hafidha. Mnadhani watu ni vipofu? Ninyi wawili nawajua. Nikimkuta hapa Ijumaa, majina yenu yote mawili yatafika polisi, na la kwake litafika kwa waajiri wake. Tuone atafundisha wapi."

Aliposema hivyo niliona Elizabeth akinywea pale mlangoni, maana hayo hayakuwa maneno matupu. Watu wameshawahi kukamatwa kwa kusemwa tu. Hafidha alikuwa amekunja ngumi ndani ya kanga.

Mjomba alipoondoka alinipitia mimi nyumbani, peke yangu, sauti ikiwa imelainika. "Mwanahawa, fikiri. Dadako hana mtoto. Akikosa wa kumtia kichwa ngumu, atatulia, na kile kipande cha kijitoni siku moja kitakuwa cha binti zako. Ongea naye."

Nilimwambia, "Mjomba, binti zangu wana mikono, watalima popote. Na kile kipande unakitaka wewe, kama ulivyokitaka cha juu." Maana shamba la juu la ukoo alikuwa amekwisha kumuuzia msomi mmoja wa mjini ajenge nyumba ya kupunga upepo, na sisi wanawake tulipata habari tulipoona tofali zinapanda. Alinitolea macho, akaenda zake. Nilikasirika mpaka nikaunguza mboga.

Elizabeth alitaka kuondoka siku ile ile. "Nitakwenda Njombe," alisema, begi liko mkononi. "Nikibaki nitakuharibia, Hafi."

"Njombe kuna nini?"

"Kuna kaka zangu."

"Kaka zako wale waliokutafutia mchumba kwa nguvu?" Hafidha akampokonya lile begi, akaliweka juu ya dari pamoja na mahindi ya mbegu. "Huendi popote. Vaa viatu, twende kwa Bibi Mwaisha."

Bibi Mwaisha ni mdogo wake bibi yetu mzaa mama, na ndiye kungwi wa wanawake wote wa upande huu wa mlima. Msimfikirie kuwa ni bibi mtakatifu. Ni mchokozi, anapenda sukari na anapenda ugomvi, na tangu shamba la juu liuzwe alikuwa hajaongea na Hatibu isipokuwa kumtakia kikohozi. Marufuku ya ngoma ilikuwa imemuuma kuliko korona yenyewe. Tulimkuta uani akijifukiza, kama watu wote walivyokuwa wakifanya siku zile: kajifunika blanketi gubigubi, ndani kuna chungu cha majani ya mkaratusi, mchaichai na ndimu, mvuke unatokea pembeni. Tukaliamkia lile blanketi.

"Marahaba," blanketi likajibu. "Semeni huko huko, nikifunua mvuke unatoka."

Hafidha akaeleza yote, ya Ijumaa, ya polisi, ya waajiri. Blanketi likasikiliza. Kisha likauliza, "Mnalala kitanda kimoja?"

Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Elizabeth akaweka kiganja mdomoni. Hafidha akasema kwa sauti ambayo hata majirani wangeisikia, "Ndiyo, Bibi. Tunalala kitanda kimoja. Nampenda, na ananipenda."

Katika maisha yetu yote ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilisema. Nadhani na yeye ilikuwa mara yake ya kwanza, maana baada ya hapo alikaa chini ghafla. Alilisema kwa mtu asiyeonekana uso, na mpaka leo naamini ndiyo sababu liliweza kutoka.

"Hm," blanketi likasema. Tulisikia mtu akivuta mvuke kwa pua, akikohoa, akitema. "Huyu mwalimu kwao amechezwa?"

"Kuchezwa vipi, bibi?" Elizabeth akauliza. Alikuwa na sauti ndogo sana.

"Uliwekwa ndani ulipovunja ungo? Ukafundwa, ukatolewa kwa ngoma?"

"Hapana. Kwetu hatuna hiyo."

Blanketi likafunguka, Bibi Mwaisha akajitokeza kichwa kizima kinatiririka jasho, macho yanameta. Nilipoyaona yale macho nilijua Mjomba Hatibu amekwisha.

"Basi huyu bado ni mtoto," alisema. "Mvi si hoja. Mwanamke asiyechezwa, kwetu ni mtoto, na mtoto aliyekuja mwenyewe kwenye uwanja wetu ni wa kulelewa. Hafidha, nyumba yako ina chumba cha ndani?"

"Kipo."

"Kesho asubuhi anaingia."

Kwa asiyejua: msichana wa Kiluguru akivunja ungo huwekwa ndani. Ndiye mwali. Zamani alikaa hata zaidi ya mwaka, siku hizi ni likizo ya shule tu. Mwanamume havuki kizingiti chake, awe baba, awe mjomba, awe nani. Hatolewi ila na wanawake waliomweka, na kwa ngoma. Yanayofundishwa ndani siwaambii, hata mkininunulia soda.

Alhamisi asubuhi tukamfunika Elizabeth kanga mbili, tukampigia vigelegele kwa sauti ya chini kwa ajili ya marufuku, tukamwingiza. Mlangoni tukatundika kipande cha kaniki. Kuna waliokuja na kuna waliokataa. Jirani mmoja alisema tunachezea mambo ya wazee, na hakutukanyagia uwanja mpaka mvua za mwaka uliofuata. Sawa tu, uwanja ulipumua.

Ijumaa baada ya sala, Mjomba Hatibu akaja na wanaume wawili wa kamati ya kijiji. Alimkuta Bibi Mwaisha kwenye kigoda mbele ya mlango, anatafuna muwa.

"Shikamoo, mama mdogo. Nimekuja kwa ajili ya yule mgeni."

"Hakuna mgeni hapa. Kuna mwali."

"Mwali gani?"

"Kaniki huioni? Elizabeth."

Mjomba alicheka, akawageukia wenzake ili nao wacheke. Mmoja alikwisha kurudi nyuma hatua kadhaa. "Mwanamke yule ana mvi!"

"Na wewe una mvi, na bado kuna vitu hujafundwa." Bibi akatema kapi la muwa karibu na kiatu chake. "Atatoka akichezwa."

"Mchezeni leo basi, aondoke."

"Tumcheze leo?" Bibi akashika kifua kwa mshangao. "Hatibu, mwanangu, ngoma si zimepigwa marufuku? Si wewe uliyezunguka na kipaza sauti kututangazia, atakayepiga ngoma atapelekwa kwa mtendaji? Unataka nivunje amri ya serikali, kikongwe mimi?"

Yule mwanamume aliyerudi nyuma akasema, "Mzee Hatibu, mimi kwenye mambo ya mwali simo," akashika njia. Wa pili akamfuata bila kuaga.

Mjomba alibaki peke yake, uso umemwiva. "Nitakwenda polisi."

"Nenda. Nikisikia umekwenda, na mimi natelemka na fimbo yangu, nikawaulize hao polisi shamba la juu la wanawake liliuzwa na nani, na nani alitia dole gumba kwa niaba yetu. Tena nitamchukua na yule msomi wako tuongozane."

Mjomba aliondoka. Lakini alipofika kwenye migomba aligeuka, akasema neno lililotufuata miezi yote ile: "Marufuku haitadumu. Siku mtakayomtoa, nitakuwepo. Akikanyaga nje tu, nje ya kijiji."

Kwa hiyo msidhani tulishinda siku ile. Tulikopa muda. Kila redio iliposema hali inatengemaa, watu walishangilia, na sisi watatu tulitazamana.

Ila muda ule, jamani, ulimponya mtu. Mwali hafanyi kazi, hajibu maswali ya watu, haonwi na macho asiyoyataka. Kazi yake ni kula, kulala na kupakwa mafuta ya nazi. Asubuhi tulimpa uji wa karanga, mchana ugali na kuku au maharage, jioni ndizi. Wiki ya kwanza alilala mfululizo, tukawa tunamgeuza kumlisha. Wiki zilizofuata akaacha kuruka mlango ukigongwa, mashavu yakarudi, na siku moja nikiwa uani nilisikia kicheko kutoka ndani. Bibi Mwaisha alikuwa akimfunda namna ya kukaa na mume, akafika katikati akasita, akakuna kichwa, kisha akasema, "Haya mengine wewe geuzageuza mwenyewe mpaka yakufae." Hafidha alicheka mpaka akamwaga maji ya kuoshea vyombo.

Dennis alikuwa akipiga simu kutoka Dakawa, amejificha kwenye mpunga asisikike. Baba yake alikuwa akimwombea asubuhi na jioni kwa mikono juu ya kichwa, na mchana anamkalisha na wazee wakimtajia wasichana wa kuoa. Alipohadithiwa habari za mwali alicheka sana. "Na mimi njooni mniweke ndani," akasema. Halafu kicheko kikageuka, tukamsikia analia kule kwenye mpunga. Hafidha akaichukua simu. "Sikiliza, Dennis. Ngoma ikiruhusiwa utakuja kupiga. Kwa hiyo huruhusiwi kujifanyia ubaya wowote. Nimekupa kazi." Dennis akasema sawa, dada. Tangu hapo kila siku alituma ujumbe wa neno moja tu, Nipo.

Alasiri moja Elizabeth aliniuliza, "Mwanahawa, si nimejificha ndani ya mila ya watu? Si ninawadanganya?"

Kabla sijajibu, Hafidha akatokea mlangoni na panga la kukatia majani ya mgomba. "Umejificha nini? Wakunga, makungwi, kila mwanamke aliyekupaka mafuta anajua wewe ni nani wangu. Bibi nilimwambia kwa kinywa changu. Aliyejificha ni yule aliyeandika kwa mkaa akakimbia. Wewe umewekwa." Akaondoka na panga lake. Elizabeth alifuta miwani, kisha akaniomba ugali zaidi.

Bibi akamfundisha la mwisho siku za karibu na kutoka. Mwali akishatolewa huzunguka kuwaamkia wazee wote wa ukoo, mmoja mmoja, na kila mzee lazima aitikie. Asiyeitikia amemlaani mwali. Na aliyemlaani mwali, siku akifa hakuna mwanamke atakayemlilia. Atazikwa kimya kama kuku wa kideri. Hilo la kulia sijui kama ni mila au alilitunga pale pale akitafuna muwa. Nilipomuuliza alisema nisimkate kauli, na kabla ya siku kufika alihakikisha limemfikia kila mzee, Mjomba Hatibu akiwemo.

Mwezi wa sita, baridi imeanza na mahindi yamevunwa, marufuku ikaondolewa. Tukapanga Jumamosi. Dennis alifika na basi la Dakawa, amekonda, begi lake lote amekuja nalo, akasema harudi tena. Tukampa ngoma. Wanawake walijaa uwanjani kuliko tulivyotarajia. Wengine walikuja kwa mapenzi, wengine kwa umbea, na wengi kwa sababu hawakuwa wamecheza tangu mwezi wa tatu na viuno vilikuwa vinawawasha. Mjomba Hatibu alifika mapema, akakaa kwenye kiti chake cha kukunja karibu na njia, fimbo magotini. Pembeni yake pikipiki ya bodaboda, iliyopandishwa kwa taabu njia ya miguu, ilikuwa inasubiri. Alikuwa ameikodi. Amekuja na usafiri wa kumpakilia mtu.

Mwali hutolewa amebebwa mabegani. Wa kwetu alikuwa mtu mzima aliyelishwa karanga miezi mitatu, na vijana walioombwa kumbeba wakaanza kuangalia pembeni. Hafidha akafunga kanga kiunoni, akachuchumaa mbele ya mlango. "Panda," alisema. Elizabeth akapanda, Hafidha akanguruma, goti moja likainuka, la pili likainuka, akasimama naye. Bibi alikuwa amekataza nywele kunyolewa. "Mvi zibaki," alisema, "wazione vizuri." Na kweli zilionekana, zimepakwa mafuta, zinang'aa juani, juu ya kichwa cha kila mtu. Vigelegele vilifika mpaka Bigwa, kule chini ya mlima. Mimi nilikuwa nalia na kucheza kwa wakati mmoja na sioni aibu kuwaambia.

Alipotuliwa akaanza kuamkia. Shikamoo bibi, marahaba. Shikamoo baba mkubwa, marahaba. Mmoja mmoja, macho chini kama alivyofundishwa, mpaka mbele ya kiti cha kukunja. Dennis akaacha kupiga. Hakuna aliyemwambia aache.

"Shikamoo, Mjomba," Elizabeth akasema.

Sikukosea kusikia. Mara ya kwanza kijitoni alimwita baba, kama mgeni anavyomwita mzee yeyote. Sasa alimwita tunavyomwita sisi.

Mjomba Hatibu akatazama kijito.

Niliona mabega ya Elizabeth yakishuka, nikasema moyoni, basi, anaondoka, na bodaboda ile pale. Lakini hakuondoka. Akainua macho, jambo ambalo mwali hafanyi, akamtazama usoni na kusema kwa ile sauti ya kunyamazisha darasa zima, sauti ambayo huku mlimani hatukuwahi kuisikia: "Mimi ni Elizabeth. Ni mwenzake Hafidha. Nakaa nyumba ile. Shikamoo, Mjomba."

Bibi Mwaisha akaivua kanga yake kichwani, taratibu, akaifunga kiunoni namna tunavyofunga tunapotoka makaburini, kazi imekwisha na hakuna tena wa kumlilia. Mimi nikaivua yangu, nikafunga. Dada zake mjomba wakafunga. Ikaenda hivyo uwanja mzima, mwanamke baada ya mwanamke, mpaka ikamfikia mkewe mwenyewe. Alisita. Akamtazama mumewe. Akafunga.

"Marahaba," Mjomba Hatibu akasema, kwa sauti ya puani.

"Hatujasikia," Bibi Mwaisha akasema.

"Marahaba! Marahaba, mwali!"

Ngoma ya Dennis ikarindima tena, na nilichoona kwa mjomba baada ya hapo ni mgongo wake tu, maana alipanda mwenyewe ile bodaboda aliyoikodi. Maneno ya watu hayakuisha siku ile. Yapo mpaka leo, na sheria ipo, na Elizabeth bado kila Jumatatu anateremka kufundisha akiwa amebana moyo. Lakini aliyeitikiwa mbele ya ukoo mzima haitwi tena mgeni, na hilo mjomba analijua.

Siku ile watu walipochoka kucheza, Hafidha alikaa kwenye mkeka katikati ya uwanja, mbele ya wote, waliotupenda na waliokuja kuchungulia. Akaomba kisu. Akachagua chungwa kapuni, akalimenya polepole, ganda likatoka refu bila kukatika, akaligawa, akampa Elizabeth kipande cha kwanza mdomoni.